Nusu ya Kidonge

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni juu ya mlango, na tangu nianze kukaa nyumbani nimeisikia ikitembea kuliko nilivyowahi kusikia kitu chochote pale maabara, ambako milio ya mashine ilitumeza sote. Asha, wewe uliyerithi meza yangu, uliniomba niandike ninayoyajua kuhusu homa ya uti wa mgongo kabla hayajanitoka. Nimekubali. Ila ninavyoijua mimi si kama ilivyo kwenye vitabu vyenu, na mengi nitakayosema hayahusu vijidudu.

Nilianza kazi nikiwa msichana niliyetoka Muheza na begi moja na woga mwingi. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha lililotazama jiko la hospitali, kwa hiyo sisi tulinusa maharage kabla wagonjwa hawajayala. Nilikabidhiwa kwa Mzee Mhina, fundi mkuu, Mbondei mwenzangu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakunipa hadubini. Alinipa brashi na ndoo ya chupa, nikaosha mpaka vidole vikakunjamana. Siku iliyofuata ndoo ileile. Nilipolalamika aliniambia kwamba asiyejua chupa safi inavyong'aa hataona maji yanapoanza kuingia ukungu. Nilidhani hayo ni maneno ya mtu anayetaka kuoshewa chupa. Ilikuwa hivyo pia.

Kisha akanifundisha jiko. Ndivyo alivyoiita kona ya kutengenezea sahani za kuoteshea vijidudu. Nyuma ya maabara tulikuwa na kondoo, tukimtoa damu kidogo kidogo, na kondoo yule alidumu kazini kuliko mkuu yeyote wa hospitali niliyemshuhudia. Damu ile tuliichanganya na uji mzito wa kuoteshea, tukaupasha moto polepole mpaka ukawa na rangi ya kakao. Moto ukizidi, umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Sahani zikiisha kupakwa maji yaliyovutwa kwa sindano mgongoni mwa mgonjwa, zilipangwa ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, wa aina ile ya kuwekea peremende, ambao Mzee Mhina aliuomba kwenye duka la familia moja ya Kihindi kule Ngamiani, Barabara ya Kumi. Juu ya sahani tuliwasha kipande cha mshumaa na kubana kifuniko. Mshumaa ulikula hewa mpaka ukazimika wenyewe. Ile hewa iliyobaki, hewa iliyochakaa, kama ya chumba walimolala watu wengi madirisha yamefungwa, ndiyo anayoipenda mdudu wa uti wa mgongo.

Asha, mtungi ule uko kwenye kabati la chini, nyuma ya beseni. Najua mna mashine sasa. Usiutupe. Umeme wa Tanga nimeujua kabla hujazaliwa.

Jambo lingine alilonifundisha mzee ni kutoyaweka kamwe kwenye friji maji ya mgongo. Vitu vingine vyote tuliviwahisha kwenye baridi, lakini chupa ile aliichukua wodini mwenyewe, akaja nayo kwapani kama mtu aliyebeba yai. "Mdudu huyu baridi haiwezi," alisema. "Ni mtu wa pwani. Ukimpeleka Lushoto anakufa, na akifa njiani hutajua aliyemuua mgonjwa wako." Maji yenyewe, mtu akiwa mzima, ni maangavu kama ya chemchemi. Maradhi yakiingia yanakuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

Mara ya kwanza kuwaona nilikaa muda mrefu nimeinamia hadubini. Walikuwa wa pinki, wadogo, wamejaa ndani ya chembe za usaha, wamekaa wawili wawili, matumbo yameelekeana kama punje za maharage. Mzee Mhina aliniuliza nimeona nini, nikataja jina lao refu.

"Hilo la kitabuni. Wamekaaje?"

"Wawili wawili."

"Basi. Ukimwona mmoja peke yake, hujatazama vizuri. Mwenziwe yupo."

Alistaafu, akarudi Muheza kulima machungwa, akafa. Nilimzika na kesho yake nikaingia kazini, kwa kuwa mtungi ulikuwa na sahani zinazosubiri.

Miaka iliyofuata sitaihesabu. Wagonjwa wa maradhi haya walikuja kwa mafungu, kisha kimya kirefu, kisha fungu jingine. Walitoka shule za bweni, walitoka gerezani, walitoka kwenye kambi ya vibarua wa mkonge. Kila mara palikuwa na vitanda vilivyosogeleana. Watu wengi hutembea na mdudu huyu kooni wasipate hata kikohozi, wakamhamisha kwa mate na kwa pumzi za karibu kwa watu wanaowapenda. Kwa nini amwache mmoja maisha yake yote, na mwingine amuue kati ya chai ya asubuhi na sala ya magharibi, sijui. Walionifundisha hawakujua pia, nao walikuwa waungwana wa kukiri.

Sasa nifike kwenye kile ulichotaka hasa nikiandike, Asha, maana ulikuwepo mwisho wake lakini mwanzo hukuuona.

Karibu na kustaafu kwangu aliletwa msichana wa chuo, Salha, mzaliwa wa Kigombe, aliyekuwa anasomea ualimu. Kilikuwa kipindi cha mitihani. Asubuhi kichwa kilimuuma akasema ni usingizi mchache. Adhuhuri akawa na homa, wenzake wakasema malaria, wakamnunulia dawa ya maumivu. Alipofika kwetu kwa bajaji, fahamu zilikuwa zinakwenda na kurudi, na kwenye nyayo zake kulikuwa na madoa ya zambarau. Waliomleta walikuwa wasichana wawili. Mmoja alikuwa amempakata kichwa njia nzima. Muuguzi wa mapokezi alimuuliza yeye ni nani wake, akajibu, "Jirani tu," akatoka akakaa nje kwenye ngazi.

Maji ya Salha yalikuwa ya mchele. Niliyapaka kwenye kioo, nikayatia rangi, nikainama, na walikuwepo, wawili wawili. Nikaenda mwenyewe wodini kusema. Daktari alikuwa ameshaanza sindano, maana hakuna anayengoja maabara mbele ya shingo iliyokakamaa. Haikusaidia. Jua lilikuwa bado halijazama alipofunikwa.

Hapo kazi ikawa ya Shekue. Wengine mnamjua, muuguzi wa kufuatilia maradhi ya mlipuko, Msambaa mpole anayeongea kana kwamba kila mtu amelala. Alikwenda nyumba aliyopanga Salha, kule Chuda, akiwa na vidonge vya kinga. Kidonge kimoja kizima kwa kila aliyelala karibu na mgonjwa, kinamezwa mara moja, basi. Nyumba ilikuwa ya Mama Shirin, mjane wa yule mwenye duka aliyempa Mzee Mhina mtungi. Baada ya mumewe kufariki, duka lilifungwa, naye akapangisha vyumba vya uani kwa wasichana wa chuo. Alikuwa mkali kwa maji ya kisima na kwa taa. Ukutani kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: chumba kimoja, watu wawili. Wasichana walimwita Polisi, na yeye alijua wanamwita hivyo.

Shekue aliuliza wanaishi wangapi. Wasichana wakasema wao ni sita, pamoja na marehemu. Alimuuliza Mama Shirin, akasema sita. Akauliza tena, maana ndiyo kazi yake. Sita. Watano waliobaki wakameza mbele yake, isipokuwa mmoja, Neema, aliyekuwa chumba kimoja na Salha, ambaye aliomba akimeze baada ya kula kwa sababu tumbo linamsumbua. Halafu akaomba kimoja cha ziada. Shekue akamuuliza cha nani. Neema akasema basi. "Dawa hii si karanga, dada," Shekue alimwambia, bila ukali, naye akaitikia ndiyo.

Salha akazikwa kwao Kigombe. Shekue alikwenda huko pia, akawapa dawa ndugu waliokuwa wamemtembelea. Tukadhani tumefunga mlango.

Siku chache baadaye nilikuwa kwenye dirisha la kupokelea vikombe vya vipimo. Nyuma ya watu alisimama msichana mwenye sweta, joto lile la Tanga, na kila zamu yake ilipofika alimpisha aliye nyuma yake. Foleni ilipokwisha hakuwa na wa kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nauliza tu."

"Uliza."

"Ile dawa waliyotupa Chuda. Mtu akimeza nusu, inatosha?"

Nilivua glavu. Nilimwuliza nusu nyingine iko wapi.

"Nimempa Mwana."

"Mwana ni nani?"

"Anayelala na Salha."

Hakusema "aliyekuwa analala." Nilitoka nje nikamkalisha kwenye benchi, akaniambia yeye ndiye Neema, na pale nikaelezwa yote. Wale mliopita vyuoni mnaijua habari ya kubebana. Mwenye kitanda humbeba asiye nacho. Wanalala wawili pa mmoja, wanabadilishana nguo, wanakula sahani moja, na siku ya ukaguzi mmoja anakwenda kusomea maktaba. Mwanajuma, ambaye wote walimwita Mwana, alitoka Moa na alikosa uwezo wa kulipia chumba. Salha alimbeba tangu mwaka wa kwanza. Kitanda chao kilikuwa chembamba, Neema alisema, akigeuka mmoja lazima na mwingine ageuke. Mwana ndiye aliyempakata Salha kwenye bajaji. Ndiye aliyejiita jirani.

Shekue alipokuja kuuliza, wasichana walikuwa wameshakubaliana kwa macho. Kumtaja Mwana ni kumfukuzisha, na Salha hajapoa bado. Nani angeweza? Kwa hiyo walimsitiri. Neema akakata kidonge chake kwa wembe, nusu akameza yeye, nusu akamwekea Mwana kwenye kitambaa. Walikuwa wamezoea kugawana kila kitu mle chumbani, mkate, sabuni, madaftari, na kila mara kilichogawanywa kilitosha. Mwana alimeza nusu yake, akaenda Kigombe mazikoni, na kutoka huko akapitiliza kwao Moa. Tangu jana simu yake inaita haipokelewi.

Nilimpa Neema maji ya kunywa, nikamwita Shekue. Alisikiliza mpaka mwisho, akaegemea ukuta. "Nilimuuliza yule mama mara mbili," alisema. Halafu akaenda kutafuta gari.

Mimi si mtu wa kwenda nje. Maisha yangu yote yalipita ndani ya kile chumba kirefu. Lakini Neema alikuwa ameushika mkono wangu na hakuonekana kukusudia kuuachia, kwa hiyo nikapanda naye. Tulishika barabara ya Horohoro, tukaacha lami, tukafika Moa mchana umekolea. Kwenye kijiwe cha bodaboda Shekue aliuliza nyumba ya msichana aliyerudi kutoka chuo.

"Yule kaja na msiba wa mwenziwe," kijana mmoja alisema. "Hatoki nje. Sasa nyie mmeleta gari zima la hospitali kwa ajili ya huzuni?" Wenzake wakacheka. Shekue akamwambia apande aonyeshe njia, naye akaona sura zetu, akaacha kucheka.

Mama yake Mwana alitupokea kwa adabu, akatandika mkeka. Alisema mtoto hana kitu, ana majonzi tu. Hali chakula, haongei, hataki mwanga, wamemfunikia dirisha. Homa ipo, lakini nani anazika rafiki asipate homa? Alikuwa amemtunza mwanawe kama anavyotunzwa mtu mwenye msiba, kimya, giza, na maji ya kunywa, na kila alichokiona kilifanana na msiba.

Chumbani palikuwa na khanga iliyopigiliwa misumari dirishani. Hewa ilikuwa ileile ya mtungi wangu baada ya mshumaa kuzimika. Wadogo zake walikuwa wamekaa kitandani pembeni yake ili asijisikie mpweke. Shekue akapitisha mkono chini ya kisogo cha Mwana, akajaribu kumwinua kichwa, na mwili mzima ukafuata, kama ubao. Akamdunga sindano hapohapo, kwa mwanga wa simu yangu.

Kisha akatoa vidonge vya nyumba nzima. Mama akavipokea kiganjani, akavitazama, akauliza kama kila mtu anameza kimoja chote, au wakubwa chote na wadogo wagawane.

Shekue alitaka kueleza habari ya wadogo, ambao wana kipimo chao. Neema akamtangulia. "Msigawane, mama," alisema. "Chochote atakachowapa, msigawane." Akatoka akakaa nje kwenye mchanga, na Shekue akamfuata na kidonge kingine, kizima, akamsimamia mpaka akameza.

Tulirudi na Mwana hospitali, na maji yake yalipovutwa wodini nilikuja nayo maabara kwapani, siku ileile, nikakataa kumpa mtu. Nilipaka sahani, nikazipanga kwenye mtungi, nikawasha mshumaa. Asha, wewe ulikuwa pembeni ukaniuliza kwa nini situmii mashine. Sikukujibu kwa sababu ningelia. Kesho yake vijidudu vilikuwa vimeota, vidogo, vya kung'aa, kama umande juu ya kakao. Nilichukua tone, nikalitia rangi, nikatazama. Wawili wawili. Nilimkumbuka Mzee Mhina. Mwenziwe yupo, alisema, na kwa siku zile zote mwenziwe alikuwepo kweli, amelala gizani Moa.

Mwana hakufa. Nataka mlijue hilo, na nataka msilifurahie upesi.

Mama Shirin alikuja kumtazama alipoanza kula. Alipanda ngazi za wodi polepole na sufuria ya mseto wa choroko iliyofungwa kwa kitambaa. Kila Ijumaa alikuwa na desturi ya kupeleka mseto uani kwa wasichana wake, hata wale waliomwita Polisi. Nilikuwa wodini siku hiyo, Neema pia alikuwepo. Mwana alikuwa amekaa kitandani ametugeuzia mgongo, anatazama dirishani. Mama Shirin akasimama nyuma yake, akashindwa kumwita jina. Akasema moja kwa moja.

"Nilijua upo, mwanangu. Tangu mwanzo nilijua. Khanga zako nilizijua kambani. Mseto nilikuwa napika wa watu saba, hukuona? Yule bwana aliponiuliza, nikasema sita. Nilisema nikusitiri. Nilidhani nyinyi wenyewe mmeshamwambia pembeni."

Mwana hakugeuka. Mama Shirin akangoja. Akasema tena, sauti ikiwa imepungua, kwamba angemwacha akae, kwamba yale maandishi ya ukutani aliyaandika marehemu mumewe, na yeye hakupata moyo wa kuyafuta. Bado Mwana alitazama dirishani. Nilimwona yule mama anavyolipokea lile kama hasira anayoistahili, ameinamisha kichwa, sufuria mikononi.

Neema ndiye aliyefahamu kwanza. Alisogea akamgusa Mwana begani. Mwana akageuka, akamwona mgeni, akatabasamu.

"Shikamoo, Mama Shirin," alisema, kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama.

Masikio yalikuwa yamekwenda. Maradhi haya yakimwachia mtu roho, mara nyingi hudai kitu kingine. Neema alitoa simu yake, akataka kumwandikia Mwana yale aliyoyasema Mama Shirin. Mama Shirin akamshika mkono. "Mwache ale kwanza," alisema. Akafungua kitambaa, akapakua. Sijui kama aliwahi kuandikiwa.

Wenzangu, mtakapotoka kwenda majumbani, msiulize wanaishi wangapi. Pwani yetu ni ya watu wanaostahiana, na swali hilo lina jibu la heshima. Ulizeni usiku wanalala wangapi, na kabla ya kuuliza waelezeni kwamba nyinyi si wa chuo, si wa mwenye nyumba, si wa polisi. Shekue siku hizi huacha vidonge zaidi ya vichwa anavyoviona, na hataki kujua ni vya nani. Wakubwa wake wamemwandikia barua. Ameiweka anapoweka nyingine.

Wiki iliyopita nilikwenda Chuda kumsalimu Mama Shirin. Maandishi mekundu yamepakwa chokaa, ingawa ukikaza macho bado yanasomeka. Mwana amerudi chuo. Mwalimu anaongea, Neema anaandika, yeye anasoma daftari la Neema. Anakaa kwenye chumba kilekile, na Mama Shirin amempa kitanda kile cha Salha kiwe chake peke yake, halipii.

Niliuliza kama analala vizuri. Mama Shirin alikuwa anachambua choroko, hakuinua uso.

"Analala. Lakini kila asubuhi nikienda kumwamsha kwa mkono, namkuta kajibana ukutani. Upande wa nje shuka limenyooka, halijaguswa."